Uzi Aliousokota Njiani

Asubuhi jumbe alipokuja kulitaka blanketi, Rupuli alikuwa amekaa uani mbele ya nyumba yao ya bondeni, miguu ameinyoosha, mkanda wa kufumia umemzunguka kiuno, na kitambaa cha sufu kimemlalia mapajani. Jua lilikuwa limefika kwenye paa la jirani. Kando yake mama mkwe wake, Bhagti, alikuwa akikaanga shayiri ya kusaga unga. Moshi ulimkohoza, naye akawa anawatukana kondoo, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine karibu wa kumtukana.

Uzi wa kitambaa kile ulisokotwa na Kundan, mume wa Rupuli. Kwetu sisi watu wa Darma wanawake ndio wanaofuma na wanaume ndio wanaosokota, na wanaume husokota wakitembea. Mwanamume huondoka na kondoo wake wa mizigo kwenda Tibeti kubadilisha nafaka kwa chumvi, pia ya kusokotea inazunguka mkononi, na baridi inapoanza hurudi akiwa bado anasokota. Ukimkuta njiani mikono mitupu, ujue ni mgonjwa au ni mgeni. Safari nzima imo kwenye uzi huo. Mwanamke mwenye vidole vyake hupapasa tu akajua mumewe alipopanda, alipoteremka, na alipogombana na mtu, maana hapo uzi umekazwa kupita kiasi.

Tena kuna mwiko mmoja. Uzi wa safari unaweza kufumwa wakati wowote, lakini kitambaa chake hakikatwi kutoka kwenye mtande, zile nyuzi zilizotandwa, mpaka aliyeusokota avuke kizingiti cha nyumba yake. Sababu hakuna aliyewahi kuieleza. Watu waliushika mwiko huo wanavyoshika kutokukojoa kisimani.

Kundan hakuwa amevuka kizingiti. Alifika mpaka mtoni, akauona moshi wa jiko lake ng'ambo, na hapo darajani akawakuta askari wa Bwana Misitu, Mwingereza aliyesimamia misitu ya serikali, wakikusanya watu wa shokoa. Shokoa ya huku kwetu Kumaoni, enzi za Waingereza, ilikuwa hivi: mkubwa akisafiri, wenyeji wanambebea mizigo, hawalipwi, na anayekataa anafungwa. Kundan alitwishwa beseni la bati la kuogea. Bwana Misitu alikuwa anapanda kukagua miti ya juu, naye hakupenda kuoga kwa ndoo. Kondoo wakavuka daraja peke yao, wakafika nyumbani na chumvi na madonge ya uzi kwenye mifuko yao ya mgongoni. Rupuli akawafungulia, akawahesabia mzigo wao kwa macho, akaanza kufuma.

"Shemeji," alisema jumbe, ambaye jina lake lilikuwa Padam na alikuwa binamu wa Kundan, "hilo blanketi limekwisha?"

"Kufumwa limekwisha. Kukatwa bado."

"Basi kata. Memsahibu wa Bwana Misitu anataka blanketi zito kabla baridi haijashika. Nimewaambia hakuna anayefuma kama mke wa Kundan."

"Umewaambia wewe, fuma wewe," Bhagti alidakia. "Mwenye uzi hajarudi."

"Shangazi, mwenye uzi yuko mikononi mwa bwana huyo huyo. Mke akifurahi, mume anasikia. Nitawaambia, aliyefuma blanketi hili, mumewe yumo kwenye wapagazi wenu, mwachieni aende kwake. Keshokutwa tu Kundan yuko hapa anakula na kubeua."

"Ulimi wako ungekuwa mguu, Padam, ungekuwa umefika Lhasa na kurudi."

"Na nisipowapelekea blanketi, watanidai watu wa ziada. Nitamtoa nani? Netra?"

Netra alikuwa mdogo wake Kundan, ameoa mwaka ule ule. Bhagti akaacha kukoroga shayiri.

Rupuli hakuwa mtu wa kubishana. Alichokitaka duniani wakati ule ni kimoja tu, mumewe aingie kwa mlango ule, avue viatu, alalamikie chai kwamba haina siagi ya kutosha. Akakivuta kitambaa kikanyooka. Akatazama njia ya daraja, kama kwamba Kundan angeweza kutokea hapo hapo na kumwondolea kazi ya kuamua. Njia ilikuwa na mbuzi mmoja. Akachukua kisu akakata.

Wakati anakata, Kundan alikuwa amekwisha kufa tangu juzi yake.

Habari zililetwa na wenzake aliokwenda nao. Aliteleza kwenye barafu karibu na kilele cha njia, ukanda wa mzigo ukiwa kwenye paji la uso wake, na mtu mwenye ukanda pajini akianguka hawezi kuutoa. Alikwenda chini kabisa, mahali ambapo mwili hauchukuliki. Beseni lilinasa kwenye kichaka. Wakateremsha kamba wakalipata, halikuwa na hata mbonyeo. Bwana Misitu alioga jioni hiyo hiyo, akauliza jina la marehemu, akalisahau kwa kuwa maji yalikuwa ya moto na yeye alikuwa amechoka.

Bhagti alilia kwa sauti mpaka ng'ambo ya mto wakasikia. Rupuli alilia kimya kimya. Kisha wakamwita Lalu, mwimbaji wa njia.

Kwetu mtu akifa hatupwi tu huko akajitafutie. Kondoo dume huvikwa kitambaa cha uzi aliousokota marehemu kwa mkono wake, na marehemu huingia humo. Mwimbaji hukaa mbele ya kondoo akamwimbia njia, mahali kwa mahali: sasa uko penye jiwe jeupe, kunywa maji hapa, sasa geuka kushoto, usiongee na wale wanawake. Akimaliza, kondoo anafukuzwa kuelekea milimani na watu wanafunga milango. Bila hivyo maiti hana pa kupitia.

Lalu alifika na hasira, maana alikuwa na jino bovu na njia ilikuwa na matope. Alipewa bakuli la pombe ya shayiri, akanywa nusu.

"Haya, leteni kitambaa."

"Kimekwenda kwa Memsahibu," alisema Rupuli.

Lalu akaliweka bakuli chini. "Kabla mwenye uzi hajaingia ndani?"

"Kabla hajaingia."

"Hamna kingine alichokisokota?"

Hakikuwepo. Vya zamani viliuzwa Tibeti na kwenye gulio, kama kila mwaka, na nguo alizovaa alianguka nazo. Lalu akalishika shavu lake penye jino.

"Basi huko kitambaa kilikokwenda ndiko atakakoingia," alisema, akamalizia pombe yake.

Jumba la Bwana Misitu lilikuwa juu ya kilima cha misonobari, safari ya siku chache kuelekea kusini. Memsahibu alilipokea blanketi akalinusa, akasema lina harufu ya kondoo, akaliagiza lianikwe. Jioni akajifunika nalo miguu mbele ya moto akawa anasoma. Giza lilipoanza kuingia, Kundan akatokea katikati ya sebule. Alikuwa na ukanda wa mzigo kwenye paji la uso na theluji mabegani, na mgongo wake ulikuwa umeinama ingawa hakubeba kitu. Theluji ikaanza kuyeyuka juu ya zulia.

Memsahibu akapiga kengele. Akaja mpishi, Bakhshu, mtu wa Lucknow aliyezeeka akiwapikia Waingereza na akiwalaani kwa Kiurdu.

"Mwambie huyu asimame kule penye mawe," alisema Memsahibu. "Zulia hili limetoka Uajemi."

Bakhshu alimshika Kundan kiwiko amsogeze. Kiwiko kilikuwa cha baridi, akafuta mkono kwenye aproni. Kundan alisimama penye mawe akichuruzika. Lakini mtu mwenye ukanda wa mzigo aliyesimama bure humkera mwenye nyumba yeyote, na baada ya kurasa kadhaa Memsahibu aliinua tena macho akasema aoneshwe kuni ziliko.

Ikawa hivyo kila siku. Blanketi likikunjuliwa jioni, Kundan yupo. Likikunjwa asubuhi, hayupo. Katikati ya hapo alibeba kuni kutoka bandani, maji kutoka chemchemini, na viti kutoka barazani kwenda sebuleni na kurudi. Hakula, hakunywa, hakuugua. Bwana Misitu aliporudi kutoka milimani alielezwa. Alikuwa mtu wa haki, mwenyewe alilisema hilo mara nyingi mezani. Alifikiri kidogo, akaamua kwamba mpagazi huyu alianguka kabla ya kumaliza safari aliyopangiwa, kwa hiyo si vibaya aimalizie hapa nyumbani. Kisha akaomba maji ya kuoga, na Kundan akamletea beseni.

Habari za namna hiyo hazikai kilimani. Zilipoteremka mpaka bondeni, Padam jumbe aliziona zina faida ndani yake. Alikwenda kwa karani wa Bwana Misitu akamweleza kwa adabu kwamba kijiji chake tayari kina mtu jumbani anayebeba kila siku bila kupumzika, basi zamu yao ya shokoa ipunguzwe. Karani alikwenda ndani akarudi na jibu: aliyeko jumbani ni wa jumba, na kijiji kilete watu wake kama kawaida. Padam alirudi akasema amepigania haki mpaka jasho limemtoka. Bhagti akamuuliza jasho gani hilo linalonuka pombe.

Rupuli wakati huo alikuwa anafuma blanketi jingine. Uzi wake ulisokotwa na Netra, na Netra mwenyewe alivuka kizingiti mara tatu mbele ya macho yake ndipo akakata. Lilikuwa zito na laini kuliko la kwanza. Akalifunga mgongoni, akachukua unga wa shayiri, akaenda kwa miguu mpaka kilimani kubadilisha blanketi kwa blanketi.

Alifikia mlango wa jikoni. Bakhshu alikuwa anamnyonyoa kuku.

"Wewe ndiye mke wake," alisema bila kuulizwa. "Mnafanana macho. Kaa, dada, usisimame. Mumeo ni mtu mwema, mimi nakwambia. Nimefanya kazi na watumishi wa kila kabila, huyu ndiye wa kwanza asiyeiba sukari."

"Nimekuja kumchukua."

"Kumchukua?" Bakhshu aliacha kunyonyoa. "Kwani anachukulika?"

Rupuli akamweleza habari ya kitambaa na kondoo na mwimbaji. Bakhshu alisikiliza mpaka mwisho akasema kwao Lucknow maiti huzikwa mapema na mambo yanaisha, lakini kila watu na vyao. Akanawa manyoya mikononi akaingia naye ndani akamtafsirie.

Memsahibu hakuwa mkali. Alimkaribisha Rupuli aketi sakafuni karibu na moto, akaagiza apewe chai. Ilikuwa chai ya sukari, isiyo na chumvi wala siagi, na Rupuli aliinywa kwa heshima kama dawa. Akalifungua blanketi jipya akalitandaza.

"Mwambie hili ni bora kuliko lile," alisema. "Achukue hili, anipe lile. Lile lina mtu wangu."

Bakhshu akatafsiri. Memsahibu alipapasa blanketi jipya kwa muda mrefu, akatabasamu kweli kweli, akasema maneno marefu.

"Anasemaje?"

Bakhshu alikuwa anatazama ukuta. "Anasema asante sana. Anasema na hili nalo ni zuri, litafaa chumba cha wageni."

"Na lile?"

"Lile amelizoea, anasema. Halafu kuni, dada. Kuni nani atabeba?"

Rupuli alirudia maneno yake, pole pole zaidi, safari hii akimtazama Memsahibu usoni na si mpishi. Memsahibu alisikiliza kwa makini akiitikia kwa kichwa, akamwongezea chai.

Jioni ilipoingia Bakhshu alimpitisha nyuma, penye banda la kuni. Kundan alitokea kona ya nyumba, mgongo umeinama, akatua mzigo. Alipomwona mkewe hakushtuka.

"Kondoo walifika?" aliuliza.

"Walifika."

"Yule mweusi wa pembe moja?"

"Ndiye aliyefika wa kwanza."

"Huyo ana akili kuliko Padam." Alicheka kidogo, na theluji ikamdondoka mabegani. "Mama anakohoa bado?"

"Anakohoa na kutukana."

"Basi mzima."

Alianza kupanga magogo ukutani, na Rupuli akawa anampokeza. Walifanya kazi hiyo pamoja kama walivyokuwa wakipanga kuni kwao, mmoja akipokeza, mwingine akiweka. Vidole vya Kundan vilikuwa vinasuguana kwa namna ambayo Rupuli aliijua. Havikusuguana kwa baridi. Vilikuwa vinatafuta uzi.

"Ule uzi wa mwisho," alisema Kundan, "kutoka lile ziwa la Tibeti mpaka darajani hauna fundo hata moja. Umeuona?"

"Nimeuona."

"Umeufuma?"

"Nimeufuma."

"Vizuri. Usiukate kwanza. Nakuja. Namalizia hizi tu."

Rupuli alizitazama zile kuni. Zilikuwa zimepangwa mpaka chini ya dirisha, na nyuma ya banda kulikuwa na msitu mzima wa Bwana Misitu. Alitaka kumwambia kwamba amekwisha kata, kwamba alikata ili arudi haraka. Hakumwambia. Hata ningekuwa mimi nisingemwambia.

"Nitakungoja," alisema.

Kengele ikalia ndani, Kundan akajitwisha akaenda. Rupuli alirudi bondeni mgongo mtupu, hana blanketi la kwanza wala la pili.

Miti ilipoanza kuchipua Bwana Misitu alipewa cheo kikubwa huko nyikani, kwenye joto, ambako blanketi la sufu halina kazi. Memsahibu alikuwa mkarimu na hakutaka kitu kizuri kama kile kiliwe na nondo. Alimwita fundi cherehani, akalitandaza blanketi mezani, wakaligawa kwa mkasi ili kila rafiki wa pale kilimani apate kumbukumbu. Daktari alipata kipande cha kushonea koti. Kapteni wa kikosi alipata cha kuweka chini ya tandiko la farasi. Mama wa misheni alipata cha kufunikia birika la chai. Kilichobaki alitandikiwa mbwa.

Tangu hapo Kundan alitokea kwa vipande. Mabega yake yalikuwa kwa daktari, na jioni yalionekana yakipanda kilima na sanduku la dawa. Miguu yake ilikwenda mbele ya farasi wa kapteni penye barafu, ikijaribu njia. Mgongo ulikuwa kwa mbwa, na mbwa aliulalia. Kichwa kilikwenda kwa mama wa misheni, naye alikisomea zaburi huku chai ikiiva. Watu wa kilimani walipokutana walikuwa wakiulizana hali ya vipande vyao, kama watu waliogawana watoto wa paka, na kila mmoja alisema chake ni kizuri mno.

Bakhshu aliachwa kilimani, kwa kuwa nyikani wapishi ni wengi. Alipokuwa anafagia chumba cha fundi aliokota upindo wa blanketi, ukanda mwembamba wenye nyuzi za mtande zinazoning'inia, pale Rupuli alipoanzia kufuma. Ulikuwa umewekwa kwenye matambaa ya kupangusia viatu. Aliutia mfukoni. Kati ya watu waliokuja kubeba masanduku ya Bwana Misitu kuyateremsha nyikani alikuwemo Netra, maana zamu yake ilifika kama zinavyofika zamu. Bakhshu akampa.

"Mpe shemeji yako. Mwambie ndicho nilichokiweza. Na mwambie ile chai najua ilimshinda."

Netra alipomaliza kubeba masanduku alirudi kijijini, akamkabidhi Rupuli upindo ule kwa mikono miwili. Rupuli akautandaza karibu na jiko. Giza lilipoanza kuingia, ukatokea mkono wa kulia wa Kundan.

Ulikuwa mkono tu, mpaka kwenye kiwiko, na alama ya kuungua kwenye kidole gumba alipokuwa mtoto. Ulikaa kwenye jamvi ukapapasa kulia na kushoto. Bhagti aliusogelea, akakohoa.

"Mkono wa mwanangu umekonda," alisema. Akachota siagi akaupaka, kidole kimoja kimoja, akiutukana kwa kuchelewa, huku machozi yakimdondoka kwenye kiganja cha mkono huo.

Kisha akaupa pia ya kusokotea na bonge la sufu, na mkono ukaanza kusokota.

Lalu aliitwa tena. Jino lilikuwa limeng'olewa na alikuwa na hasira kwa sababu nyingine. Rupuli alikuwa amekwisha mfunga kondoo, yule mweusi wa pembe moja, na upindo umemzunguka shingo.

"Mwimbie njia," alisema. "Huo ndio uzi wake."

"Nimwimbie nani?"

"Mkono."

"Mkono hauna masikio, mwanangu. Nikiuambia geuka kushoto, utasikia na nini? Utakwenda na nini?" Lalu alikaa chini. Hakuwa anataka kukataa, na ilionekana. "Mtu haendi kwa mafungu. Niletee kichwa na miguu nitaimba mpaka kunakucha, hata pombe sitaki."

"Kichwa kiko kwa wamisheni."

"Najua kiko wapi."

Rupuli akamfungua kondoo. Lalu aliomba pombe hata hivyo, akapewa.

Mkono ukabaki nyumbani. Ulisokota jioni hadi alfajiri, na uzi wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu mzima yeyote bondeni. Walipounyima sufu ulichuna manyoya kwenye vazi la Bhagti, na waliposogeza vazi ulianza kusokota nywele za Rupuli zilizobaki kwenye kitana. Basi wakawa wanaupa sufu. Rupuli aliyaweka madonge kwenye kapu akafunika. Akipitisha uzi ule vidoleni hakukuta mlima wala ziwa. Ulikuwa sawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kama uzi wa mtu anayetembea mahali pasipo na njia.

Msimu wa kuteremka kutoka kijiji cha juu, cha kiangazi, ulipofika tena, Padam alikuja uani, safari hii akiwa amevua kofia.

"Shemeji, Bwana Misitu mpya ana mke."

Rupuli akaendelea kupepeta shayiri.

"Ameusikia ule uzi wa mkono. Kilimani wote wanausema. Anataka blanketi, lakini si la uzi mwingine. La ule ule."

"Mwambie umekwisha," alisema Bhagti.

"Shangazi, hapa nilipo naliona kapu lenyewe." Padam aliketi kwenye jiwe, akazungusha kofia. "Si mimi. Mungu anajua si mimi. Bwana mpya anapanda milimani mwezi huu, kabla theluji haijafunga njia. Amesema kijiji kikitoa blanketi, Netra anaweza kubaki. Mke wake yuko mbioni kujifungua, mnajua wenyewe."

"Kundan pia ulisema angerudi," alisema Bhagti.

"Nilisema walivyoniambia."

"Na sasa unasema walivyokuambia."

"Ndiyo," alisema Padam. "Nisemeje kingine?"

Ndani ya nyumba mke wa Netra alisikika akigeuka kitandani. Rupuli alilivuta kapu, akatandika mtande, akajifunga mkanda kiunoni.

Alifuma siku zote za mwezi huo. Alifuma pole pole, akifumua alichokosea na wakati mwingine ambacho hakukosea, mpaka Padam akawa anakuja kila asubuhi na kusimama pale pale. Mwisho blanketi likaisha, maana hata kitu kinachofumwa pole pole huisha. Netra alikuwa ameamriwa awe tayari darajani, na ukanda wa mzigo alikuwa nao begani, endapo blanketi halingepatikana. Jua lilikuwa limezama.

"Kata, shemeji," alisema Padam. "Wananingoja."

"Aliyeusokota hajavuka kizingiti," alisema Rupuli. Lakini alisema kwa sauti ndogo, kwa sababu mkono ulikuwa umo ndani ya nyumba, juu ya jamvi, na mtu angeweza kusema umevuka. Hakujua. Lalu naye hakujua alipoulizwa. Jambo hilo halikuwahi kutokea.

Akachukua kisu. Kitambaa kililegea, kisu kikateleza bila kukata. Akajaribu tena, kikateleza tena. Padam akatazama pembeni.

Giza likazidi. Mkono wa Kundan uliiacha pia ya kusokotea, ukatambaa juu ya jamvi, ukapita kizingiti kwenda nje, ukafika penye kitambaa. Ukapapasa mpaka ukaupata upindo wa blanketi jipya. Ukaushika kwa nguvu, ukauvuta ukanyooka, kama Kundan alivyokuwa akimshikia mkewe kila mwaka, ili kisu kipite vizuri.

Rupuli akakata.